Cheti kiko ukutani, lakini mfereji hauna maji

UKIINGIA katika ofisi nyingi za umma nchini, jambo la kwanza litakalokulaki baada ya askari wa mlangoni ni fremu iliyotundikwa ukutani. Ndani yake mna cheti kinachotangaza kwamba shirika hilo limetimiza viwango vya kimataifa vya usimamizi wa ubora. Kando yake aghalabu pana ubao mwingine, ule wa ahadi kwa wananchi: huduma hii dakika 10, ile dakika 30, nyingine bila malipo. Mwananchi husoma ubao huo wote, neno kwa neno, kwa sababu muda wa kuusoma anao. Yuko kwenye foleni.

Mimi ni daktari wa tiba ya jumla. Kazi yangu iko Lodwar, na mara kwa mara huenda Kakuma, safari ya kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Katika miji hii miwili nimekutana na wakaguzi wa kila namna: wa wizara, wa kaunti, wa wafadhili, wa mashirika ya wakimbizi, kila mmoja na orodha yake na kila mmoja na rula yake. Swali ambalo wagonjwa hawaniulizi, lakini ambalo ningependa tulijadili wiki hii, ni hili: je, viwango hivi vyote vimeifanya hospitali iwe bora, au vimeifanya iwe hodari wa kujaza fomu?

Kwa wasiofahamu, herufi ISO zinazoonekana kwenye vyeti vingi ni za shirika la kimataifa la viwango lenye makao yake Geneva, Uswisi. Mwaka 1987 shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza viwango vya usimamizi wa ubora, likifuata kwa kiasi kikubwa kiwango cha Waingereza cha mwaka 1979 ambacho kilitungwa kwa ajili ya viwanda. Hapa kwetu homa yake ilipanda baada ya mwaka 2004, serikali ilipoanzisha mikataba ya utendakazi katika mashirika ya umma. Cheti cha ISO kikawa mojawapo ya malengo ambayo wakuu wa mashirika walipimwa nayo, na punde si punde vyuo, wizara na hospitali zikawa mbioni kukitafuta.

Watu wengi hudhani cheti hicho kinathibitisha kuwa huduma ni nzuri. Sivyo. Kinathibitisha kwamba shirika limeandika jinsi linavyofanya kazi, kwamba linafuata lilichoandika, na kwamba lina njia ya kusikiliza malalamiko na kujirekebisha. Chukua mfano wa hoteli ya chai. Mwenyewe akiandika katika mwongozo wake kwamba kila birika hutiwa kijiko kimoja cha chumvi, na kila asubuhi mpishi akakitia na kuweka sahihi, mkaguzi wa taratibu hana pa kumshika hadi wateja walalamike. Nao wateja wa hospitali ya umma katika sehemu kame si watu wa kuandika barua za malalamiko. Hurudi nyumbani kimya, na wengine hawarudi.

Haki nayo itendeke. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, David Levine na Michael Toffel, walichapisha uchunguzi wa karibu kampuni 1,000 za jimbo la California zilizopata cheti cha ISO, wakizilinganisha na nyingine zilizofanana nazo. Zenye cheti zilidumu zaidi sokoni, zikauza zaidi na kuajiri watu zaidi. Siwezi kuwabishia. Lakini mteja wa kampuni ya California akichoshwa huvuka barabara akaenda kwa jirani. Mama aliyebebwa kwa pikipiki kutoka Loima hadi Lodwar, uchungu ukiwa siku ya pili, atavuka barabara aende wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa wiki ya kungojea wakaguzi wa ubora. Rangi ilipakwa hadi shingoni mwa miti. Mashuka mapya yalitolewa stoo, mapipa ya taka ya rangi mbalimbali yakapangwa, na juu ya kila beseni la kunawia likabandikwa bango zuri lenye picha za hatua za kunawa mikono. Tatizo ni kwamba mifereji hiyo ilikuwa haijatoa tone kwa wiki kadhaa, pampu ikiwa imeharibika. Sisi tulikuwa tukinawa kwa maji ya mtungi wa plastiki uliotiwa bomba na kuwekwa juu ya stuli. Asubuhi ya ukaguzi mtungi ule uliondolewa na kufichwa, kwa kuwa uliharibu sura ya wodi na haukuwa kwenye orodha. Basi siku ambayo hospitali ilipimwa usafi wa mikono ndiyo siku ambayo hakuna aliyenawa.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimeonyeshwa chati ya friji ya chanjo. Friji hiyo sharti iwe kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, na kipimo husomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili. Chati ilionyesha nyuzi 5 asubuhi na nyuzi 5 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Siku hiyo ilikuwa tarehe 26, nayo chati ilikuwa imejazwa hadi tarehe 30. Nilipomuuliza muuguzi alinijibu kwa upole, “Daktari, wageni wanakuja kesho, na hawapendi kuona nafasi wazi.” Simlaumu hata kidogo. Alikuwa peke yake katika zamu, na aliyemtaka ajaze karatasi hakuwahi kumuuliza kama stima ilikuwapo usiku. Hospitali ilipata alama za kuridhisha. Wageni walipoondoka mashuka yalirudishwa stoo na kufuli likatiwa. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga.

Je, basi viwango vyote ni porojo? La hasha. Anayedhani hivyo na akumbuke Goma.

Julai 1994, kufuatia mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia Goma, mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkeno. Choo hakichimbiki, na kaburi pia halichimbiki. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu. Madaktari walioandika katika jarida la Lancet mwaka 1995 walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Si kwamba wahisani walikosekana. Walikuwapo tele, mengine yakiwa mashirika yenye ujuzi na mengine yakiwa na bendera, kamera na nia njema tu. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba kazi yake haifai, kwa sababu hakukuwa na makubaliano kuhusu kazi inayofaa ni ipi.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1997 mashirika ya misaada yalianza kutunga viwango vya chini vinavyojulikana kwa jina la Sphere. Tazama vilivyo rahisi: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, choo kimoja kwa watu 20, chakula cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mama mwenye mtungi wa lita 20 anaweza kuwa mkaguzi. Hahitaji semina ya siku tatu hotelini.

Kambi ya Kakuma ilikuwa imeanzishwa miaka mitano kabla, mwaka 1992, ilipopokea wavulana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei zina watu karibu 300,000, na viwango vya aina hiyo ndivyo vinavyopima maisha yao. Katika wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, kwa mfano, kiwango kinasema kwamba kati ya watoto 100 wanaomaliza matibabu, zaidi ya 75 wawe wamepona, waliokufa wawe chini ya 10, na walioacha matibabu njiani wawe chini ya 15. Hiyo ni rula inayogusa mwili wa mgonjwa. Vifo vikifika 9 watu hukosa usingizi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hata rula hiyo lakini ina mlango wa nyuma. Mtoto aliye mahututi akihamishiwa hospitali nyingine huhesabiwa kuwa amehamishwa, hahesabiwi kuwa amekufa. Hufia kwenye rejista ya watu wengine. Na lita 15 ni wastani: mtaa ulio karibu na tangi unaweza kupata 25 na ule wa mwisho wa bomba ukapata 6, kisha ripoti ikasoma vizuri. Sisemi kwamba fulani amefanya hivyo. Nasema kila anayepimwa hujifunza umbo la kipimo, kama mwanafunzi anavyojifunza tabia za mtahini.

Ndiyo sababu nawaheshimu watafiti wanaokwenda kuchungulia nyuma ya alama. Tanzania walifanya hivyo kwa mfumo uitwao SafeCare, ulioanza mwaka 2011, ambao hupandisha vituo vya afya kwa ngazi tano hadi ithibati. Vituo zaidi ya 200 vya watu binafsi na vya makanisa viligawanywa kwa kura: nusu vikaingizwa katika mfumo huo vikapewa ushauri na njia za kupata mikopo, nusu vikaachwa. Kisha wakatumwa watu waliofunzwa kujifanya wagonjwa, ili ionekane watatibiwaje daktari asipojua kwamba anapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Vituo vilisonga mbele kwenye orodha ya viwango, lakini yule mgonjwa wa bandia hakutibiwa vizuri zaidi kuliko katika vituo vilivyoachwa. Kwa maneno mengine kabati lilipangwa, ila dawa iliyotoka ndani yake ilikuwa ile ile.

Hapa Kenya majibu yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo yenye mafunzo. Wizara ya Afya pamoja na Benki ya Dunia walifanya jaribio katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru likihusisha vituo 1,348. Hakukuwa na cheti cha kutundika. Kulikuwa na orodha moja ya mambo ya chini ya usalama wa mgonjwa na wakaguzi waliotumwa kila mahali, huku kituo kisicho na leseni kikifungwa na chenye alama mbaya kikipewa muda wa kujirekebisha kabla ya wakaguzi kurudi. Usalama wa wagonjwa uliongezeka, katika vituo vya umma na vya watu binafsi, bila mgonjwa kutozwa zaidi. Vya watu binafsi viliongeza zaidi, na sababu si fumbo. Mwenye kliniki ya mjini akifungiwa amepoteza mkate wake.

Sasa chukua dawa hiyo uilete Turkana uone. Kaunti hii ilikuwa na watu 926,976 katika hesabu ya mwaka 2019, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 68,000. Mwaka 2025 baraza linalosimamia madaktari na hospitali, KMPDC, lilitangaza kufunga vituo zaidi ya 700 nchini, na wengi wetu tulipiga makofi tukikumbuka vichochoro vya miji mikubwa. Lakini zahanati iliyo peke yake mahali ambapo nyingine iko mwendo wa siku nzima, ukiifunga umemwadhibu nani? Muuguzi atahamishwa na mshahara wake. Anayebaki na adhabu ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mkaguzi analijua hilo, muuguzi naye anajua kwamba mkaguzi analijua, na kwa hiyo ukaguzi wetu hugeuka kuwa ziara ya heshima yenye soda na kitabu cha wageni.

Kinachobaki baada ya kuondoa woga wa kufungwa ni aibu, na aibu nayo huhitaji watu wa kuona. Mwaka 1919 chama cha madaktari wapasuaji cha Marekani kilimaliza kukagua hospitali kubwa 692 kwa kiwango cha chini kilichotosha kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Zilizofaulu zilikuwa 89 tu, na kati ya zilizoanguka zilikuwamo zenye majina makubwa. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa chama, wakiwa katika hoteli jijini New York, waliichoma orodha hiyo usiku ili isifike kwa waandishi wa magazeti. Sisi hatuchomi. Sisi tunafungia kwenye kabati, jambo ambalo halitoi hata moshi. Ni nani kati yenu wasomaji amewahi kuonyeshwa alama ambazo hospitali ya kaunti yake ilipata katika ukaguzi wa mwisho?

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia huduma moja chini ya mfumo wa serikali. Kalobeyei ilianzishwa kwa fikra hiyo hiyo. Ni fikra njema, kwa kuwa kwa miaka mingi Waturkana wanaoishi kando ya kambi wamelalamika kwamba mkimbizi huhesabiwa lita zake za maji ilhali wao hawahesabiwi kitu. Lakini huduma zikiunganishwa, rula ipi itatumika? Serikali ina muundo wake wa ubora wa huduma za afya, KQMH, ulioanza mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2011, ambao umeazima mengi kutoka viwanda vya Japani: kuchambua, kupanga, kusafisha, kusanifisha na kudumisha. Kuna hospitali ambazo stoo zake zimepona kwa mpangilio huo. Dawa sasa inaonekana ilipo. Hata hivyo, kupanga stoo ni jambo moja na kuhesabu watoto waliokufa ni jambo jingine. Hofu yangu ni kwamba wakimbizi watapewa rula yetu ya makabati badala ya sisi kupewa rula yao ya vifo.

Kuna watakaonijibu kwamba viwango vya wakimbizi navyo vimeonyesha udhaifu wao. Kweli. Fedha za wahisani zilipokatika, Shirika la Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi hadi asilimia 28 ya posho kamili mnamo Juni 2025, na Agosti likaanza kuwagawa watu kwa makundi ya uhitaji, wengine wakipata zaidi, wengine kidogo na wengine wasipate kabisa. Asilimia 28 ya kilokalori 2,100 haifiki 600. Kitabu cha viwango hakikuongeza hata punje moja ya mtama kwenye chungu.

Lakini hebu tazama kilichotokea. Kila mtu Kakuma, hata asiyejua kusoma, alijua ni kiasi gani kilichoondolewa. Magazeti yaliandika asilimia. Watu waliandamana wakiwa na hesabu mkononi, na waliopunguza ilibidi wajieleze kwa hesabu hiyo hiyo. Sasa linganisha na hospitali ya kawaida ya mwananchi Mkenya dawa zinapoisha. Hakuna asilimia. Kuna dirisha la dawa na sauti inayosema, “Hiyo hatuna, kanunue nje.” Mzee mmoja wa presha aliyeambiwa hivyo miezi mitatu mfululizo alinijia akiamini kwamba labda dawa yake imeacha kutengenezwa duniani. Hakujua kwamba kuna orodha ya dawa muhimu ambazo hospitali ya ngazi ile inapaswa kuwa nazo, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa angejua angeanza kudai.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka kutupilia mbali viwango kwa sababu ya vituko vya vyeti. Mimi nataka viwe vichache, na viandikwe kwa Kiswahili na Kiturkana kwenye lango la hospitali, mahali pa ule ubao wa dakika 10. Ni wanawake wangapi waliojifungulia hapa mwezi uliopita na wangapi walikufa. Dawa 20 za lazima, na leo zipo ngapi. Damu ya kuongezea wagonjwa ipo au haipo. Mfereji wa chumba cha kujifungulia ulitoa maji siku ngapi kati ya 30. Mganga mkuu asiandikiwe na ofisi ya Nairobi. Ayaandike mwenyewe kwa chaki kila Jumatatu, na nafasi iliyo wazi iachwe wazi.

Na wakaguzi waje, lakini wasitume barua ya kutangulia. Waje saa nane za usiku siku ya Jumamosi, bila gari lenye nembo. Kabla ya kuomba faili yoyote waende kwenye chumba cha kujifungulia wafungue mfereji, kisha wamuulize mwanamke aliye kitandani ni nani aliyemgusa mara ya mwisho na ilikuwa saa ngapi. Wakiukuta mfereji mkavu, wawe na namba ya simu ya mtu aliye na fedha za pampu, na wasiondoke Lodwar hadi apokee.